Fundi Alikuwa Hatua Mia Moja Tu

Msonyo ule tuliupiga kwa pamoja, wazee kwa vijana, na aliyekuwa na kikombe mkononi alikishusha chini.

Fuso lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa barabara ya Singida, hapa hapa Katesh, limeinama upande mmoja kama ng'ombe aliyeumia mguu. Mzigo ni mbaazi. Malori hulala hapa kila siku, kwa hiyo tulidhani dereva anapumzika. Kumbe senta bolti ya springi ya nyuma imekatika, na dereva ameshampigia simu tajiri yake Dar es Salaam. Tajiri akamwambia asimruhusu mtu kugusa gari, kisha akaingia kwenye simu yake, akaandika anachokitaka, akaletewa fundi wa Singida. Mchana fundi huyo akashuka kwenye basi na begi la spana, akatambaa chini ya gari, akafunga bolti, akalipwa ufundi na nauli ya kwenda na kurudi, akapanda basi jingine.

Wakati wote huo fundi springi wetu alikuwa amekaa nasi kwenye benchi. Mtu huyu amefunga springi za malori ya ngano ya Basotu tangu hajaoa. Gereji yake iko nyuma ya safu hii ya maduka, hatua mia moja ukienda taratibu. Aligundua kwamba kuna kazi aliposikia nyundo ya mwenzake ikigonga chuma. Aliposogea kumuuliza dereva, akajibiwa kwa upole kabisa: "Kaka, mimi sikujua. Bosi ndiye aliyetafuta, akasema Katesh hakuna fundi."

Katesh hakuna fundi! Hapo ndipo ulipotutoka ule msonyo. Nimekaa na sentensi hiyo wiki nzima, haijanitoka.

Mzee mmoja wa kijiweni, aliyewahi kufanya kazi mashamba ya shirika la umma la NAFCO enzi za mradi wa ngano wa Wakanada, alisema jambo lililonifungua macho. Alisema zamani ukitaka kujua nani yupo na nani hayupo, ulifungua kitabu cha simu. Nami nikakumbuka. Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali, kimefungwa kwa kamba kwenye kaunta ya Posta, jalada limechakaa, kingo zimekuwa nyeusi kwa vidole vya watu. Kurasa nyeupe za majina, kurasa za njano za biashara. Nilipokuwa mtoto niliwahi kununua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa kitabu hicho, nikasoma majina ya maduka ya Moshi na Tanga mpaka karanga zikaisha.

Lakini tuseme ukweli, kitabu kile hakikuwahi kuwa chetu. Aliyeandikwa humo ni mwenye simu ya mezani, na simu ya mezani Mbulu na Hanang ilikuwa ya ofisi ya wilaya, misheni, hospitali, polisi, na wafanyabiashara wakubwa wachache. Fundi springi hakuwamo. Mama wa kitunguu saumu hakuwamo. Shirika la Posta na Simu lilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na TTCL ikazaliwa, kitabu kiliendelea kwa muda, kisha simu za mkononi zikaja, kila mtu akawa na namba yake mfukoni, na namba hizo hazikuandikwa mahali popote. Hapo ndipo tulipopotea bila kujua. Watu wote wakapata simu siku zile zile ambazo orodha ya kuwatafuta watu ilikuwa inakufa.

Na haikufa kwetu peke yetu. Uingereza, kitabu chao cha kurasa za njano kilianzia mji wa Brighton mwaka 1966, na nakala za mwisho zikagawiwa mji huo huo Januari 2019. Marekani ndiko mambo hayo yalikoanzia, katika mji wa New Haven mwaka 1878, kwa karatasi moja tu yenye majina 50. Karatasi ile haikuwa hata na namba. Ulimtajia mtu wa mitambo jina, naye akakuunganisha kwa sababu anamjua kila mtu. Niliposimulia hili kijiweni, kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Basi mtu wa mitambo ndiyo sisi."

Kweli kabisa. Kwa miaka yote hii orodha ya biashara ya Katesh, Dongobesh na Haydom imekuwa ni bodaboda, konda wa Noah, mama ntilie wa stendi na sisi wa benchini. Nani anachomelea mageti? Nani ana kinu cha kukamulia alizeti ambacho hakijaharibika? Nani ana maharage makavu ya mwaka huu? Sisi tunajua. Ukishuka hapa ukauliza, unapelekwa mpaka mlangoni na hulipishwi. Nasi hatujaacha. Ila orodha hiyo inamsaidia aliyeshuka garini akauliza. Tajiri wa Fuso hakushuka. Yuko Dar, kidole chake kiko kwenye kioo, na kioo hicho hakituoni.

Ninachoumia zaidi ni mlima. Hanang una mita zaidi ya 3,400, unauona ukiwa Basotu, unauona ukiwa Singida, umetupa mvua na umetupa jina la wilaya. Andika leo kwenye simu kwamba unataka kuupanda, utaletewa kwanza makampuni ya Arusha na Moshi, yenye kurasa safi, picha, idadi ya siku na bei. Mgeni anaweka nafasi huko, analipa huko, analetwa hapa kwa gari la huko. Kijana wa Katesh, anayejua mahali pa kujaza maji na mahali njia inapoteleza, anaitwa dakika za mwisho abebe mizigo. Siwalaumu wenzetu wa Arusha. Wao wameandika, sisi hatukuandika. Lakini mlima wenyewe uko kwetu jamani, na kwenye kioo unaonekana kama tawi la Arusha!

Hapa kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki akanikatiza. Akasema yeye hana shida hiyo, ana Instagram, ana makundi sita ya WhatsApp, kila asubuhi anaweka bidhaa. Nikamwambia nampongeza, na aendelee, maana wateja wengi wa karibu wanapatikana huko. Kisha nikamuuliza: mtu aliyeko Kondoa asiyekuwa kwenye makundi yako, asiye na namba yako, atakuonaje? Picha unazoweka kwenye status ya WhatsApp zinafutika baada ya saa 24. Kesho anayetafuta anakuta ukuta mtupu. Tena uwanja si wako. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Anayefanya biashara yake yote humo, siku ile alikuwa amefunga duka bila kutaka. Uza sokoni, ndiyo, lakini uwe na nyumba ambayo mtu akiulizia ataelekezwa.

Nyumba hiyo ndiyo tovuti, yenye jina lako lenyewe, linaloishia na .co.tz au vinginevyo. Ada ya mwaka ya jina haifiki bei ya mbuzi. Watu wakisikia tovuti wanafikiria benki na mashirika makubwa. Mimi nazungumzia ukurasa mmoja.

Na sisemi hivyo kwa nadharia, maana niliungua mwenyewe. Dada yangu ana gesti Haydom, vyumba vinane, maji ya moto ya kuchemsha kwa kuni. Haydom watu hawaendi kutalii. Hospitali ya Kilutheri iko pale tangu 1955, na wagonjwa huja kutoka mbali, hata nje ya mkoa. Wateja wa dada yangu ni wauguzaji, watu wanaofika usiku wakiwa na mgonjwa, chupa ya chai na wasiwasi. Mimi ndiye niliyemshawishi atengenezewe tovuti. Tukampata kijana mmoja wa mjini, tukamlipa laki sita, akatuletea kitu cha kupendeza. Juu kabisa kulikuwa na picha kubwa ya Wazungu wanacheka kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Maneno yote Kiingereza. Ukiifungua Haydom kwa bando la mia tano, kiduara kinazunguka, kinazunguka, unaikatia tamaa. Bei haikuandikwa. Umbali kutoka lango la hospitali haukuandikwa. Na namba ya simu, jamani, ile tarakimu ya mwisho iliyopaswa kuwa 7 iliandikwa 1.

Tulijuaje? Baba mmoja kutoka Iramba, aliyekuja kumuuguza mkewe, alimwambia dada: "Gesti yako niliiona kwenye simu. Nikapiga, akapokea mtu yuko Tanga. Usiku ule nililala kwenye gari." Dada yangu hakunilaumu. Alienda nyuma ya nyumba akakaa kimya, na ukimya ule naukumbuka mpaka leo.

Tukamtafuta kijana arekebishe, simu haipokelewi. Tukagundua kwamba jina la tovuti alilisajili kwa jina lake, na nywila zote anazo yeye. Mwaka ulipoisha hakuna aliyelipia, tovuti ikazimika. Kwa hiyo nasema kwa anayetaka kusikia, kabla hata ya kuuliza itapendezaje, uliza jina litasajiliwa kwa nani. Lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, nywila uiandike kwenye daftari lile lile unaloweka hati ya kiwanja. Fundi akijenga nyumba, hati haiandikwi jina la fundi.

Ya pili iliyotuangusha ni lugha. Mtu aliyeko njiani na mgonjwa anaandika kwenye simu hivi: gesti Haydom karibu na hospitali. Anaandika Kiswahili, kwa haraka, kama anavyosema. Mtambo wa kutafuta unalinganisha maneno yake na maneno yaliyoko kwenye kurasa. Kama kwenye ukurasa wako hakuna neno gesti, hakuna neno hospitali, ni vigumu kukutana naye. Na yale mabango mazuri ya rangi yanayotumwa kwenye makundi, yenye jina na bei ndani ya picha, yanamfaa mtu anayeyatazama, ila mtambo husoma kwanza maandishi ya kawaida. Andika maneno kama maneno. Wawekee na wageni ukurasa wao wa Kiingereza kama unao wageni, lakini usimtoe mwenye nyumba ili mgeni akae.

Tuliporudia mara ya pili, tulirudia kwa unyenyekevu. Binti wa jirani anayesoma chuo alikaa na dada jikoni, akamuuliza swali moja tu: watu wakikupigia, huwa wanauliza nini? Dada akahesabu kwa vidole. Chumba kipo? Bei gani? Kutoka lango la hospitali ni mbali? Naweza kupika uji wa mgonjwa? Nikifika saa sita usiku nani atanifungulia? Binti akaandika majibu, kwa mpangilio ule ule, kwa maneno ya dada. Picha tatu alipiga kwa simu: mlango, kitanda, jiko. Akazipunguza uzito zifunguke hata pale mtandao unapobakiwa na alama moja. Namba ya simu akaiweka juu kabisa, ukiigusa inapiga. Kisha akampa mtu mwingine simu, akamwambia, "Piga." Simu ya dada ikalia mfukoni mwa aproni. Hapo ndipo nilipoamini kwamba kazi imekamilika.

Akaiweka pia gesti kwenye ramani ya Google, na hilo halina malipo. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nguzo zikasimikwa, mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Wengi tuliona ni vibao vya kupita. Sasa tuna anwani, tuitumie! Hakikisha jina la kwenye ramani, la kwenye kibao cha mlangoni na la kwenye tovuti ni moja. Ukiitwa hivi hapa na vile kule, mgeni atadhani ni biashara mbili, na atapita zote.

Kuna siku ambayo siwezi kuizungumzia Katesh bila kuitaja. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani yakaingia mjini na vijijini. Zaidi ya watu 80 walifariki. Mbele ya hilo, duka ni kitu kidogo, na naomba nisieleweke vibaya. Lakini walionusurika iliwabidi waendelee kuishi, na wengi waliendelea kwa kuuza. Kuna jirani yangu wa pembejeo ambaye ukuta wake, uliokuwa na jina na namba kwa rangi ya bluu, haukubaki. Daftari la wateja halikubaki. Alipata kibanda upande wa pili wa mji, na kwa miezi wakulima wa Endasak na Gitting waliokuwa wakinunua mbegu kwake walifika pale pa zamani, wakatazama, wakarudi. Wengine walidhani amekufa. Mmoja alipokutana naye sokoni alimshika mikono yote miwili akalia. Angekuwa na mahali pamoja pa kuandika "Nipo hai, nimehamia huku," wangesoma.

Ninajua pingamizi, na kijiweni halikukosekana. Mzee wangu wa NAFCO aliuliza: mkulima wa Basotu mwenye simu ya kitochi atafungua tovuti kwa nini? Hatafungua, mzee wangu, na si yeye ninayemlenga. Anayefungua ni mnunuzi, mtoto wake aliyeko Dodoma, dereva, mwalimu aliyehamishiwa Balangdalalu anayetafuta fundi wa kumtengenezea kitanda. Tena mtu mmoja mwenye simu kubwa akishasoma, habari inashuka kwa maneno mpaka kwa wenye vitochi, kama ilivyokuwa zamani kwa aliyejua kusoma gazeti.

Nilikwenda Bashay, kule Mbulu, wiki iliyopita. Ukifika msimu wa kuvuna, harufu ya kitunguu saumu inakupokea kabla ya nyumba. China huvuna zaidi ya theluthi mbili ya kitunguu saumu chote cha dunia, na chao cheupe kikubwa kimejaa masokoni mwetu. Hiki cha Mbulu ni kidogo, kimekaza, punje zake zina ukali wa kukutoa machozi. Mpishi anayekijua hataki kingine. Lakini huyo mpishi aliyeko Dar na mama wa Bashay hawajuani. Katikati yupo dalali, na utajiri wa dalali ni namba za simu alizonazo. Yeye ndiye kitabu cha simu cha siku hizi, kilichofungwa kwa kufuli. Sisemi afukuzwe, anajua malori na anajua njia. Nasema bei isijulikane kwake peke yake.

Mama mmoja pale, mjane, ana kikundi cha wanawake wanaokausha na kuchambua pamoja. Mpwa wake alikuwa amekaa juu ya gunia na simu, anamwandikia ukurasa wa kikundi. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika bila kuacha kuchambua, kisu kikipita kwenye shina, ganda likidondoka kwenye khanga. Mpwa akasoma alichoandika: kitunguu saumu bora, bei nzuri, karibuni wote.

"Futa," mama akasema. "Bei nzuri ndiyo nini? Hata dalali anasema bei nzuri."

Akamwambia aandike bei ya kilo. Mpwa akasema wanunuzi wamezoea gunia. Mama akasonya, msonyo mrefu wa Kimbulu unaoanzia kooni. Gunia lipi? La lumbesa, linaloshonewa kichwa juu mpaka linakuwa magunia mawili? Sheria ya vipimo inalikataza, na yeye mgongo wake unalikumbuka. Andika kilo. Andika kwamba mizani ipo na mnunuzi ataona mwenyewe. Andika kimekaushwa siku ngapi, na kwamba kilichochipua hatuuzi, tunaweka pembeni kwa mbegu. Andika barabara ilivyo, mvua ikinyesha aje na gari gani.

Mpwa akaandika yote, kisha akaweka bei. Mama akainua macho kwa mara ya kwanza, akaomba asomewe tena hiyo namba.

"Hiyo ni ya jana, mwanangu," akasema. "Leo imeshuka. Weka ya leo, na uweke na tarehe."

Mpwa akafuta, akaandika upya. Mama akarudi kwenye kisu chake.